Kondo Lililozikwa Mbuchi

Watu wakiniuliza ninafanya kazi gani huwa nawaambia kwamba ninaamsha watoto wachanga. Wenye wachanga nyumbani hunikodolea macho, maana wao shida yao ni kuwalaza. Hapo inabidi nikae chini nieleze, na kueleza ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote. Wenzangu husema ningepewa kipaza sauti nisingekirudisha.

Mimi ni mtu wa maabara. Nimezaliwa Ikwiriri, Mndengereko kwa baba na kwa mama. Nilitoka nikaenda kusoma, nikarudi na koti jeupe na mdomo ule ule. Kazi iliyonirudisha ni ya chanjo za watoto waliozaliwa leo, si wale wanaokaa wala wanaotambaa. Mtoto anapotoka tumboni huja na kinga ya kuazima. Mama humpitishia kingamwili katika damu kabla hajazaliwa, kama mtu anayemfungia msafiri chakula cha njiani, na chakula hicho kikiisha kimeisha. Lakini wapo maadui ambao mbele yao kingamwili hazifui dafu. Kifua kikuu ni mmoja wao. Kijidudu chake hujificha ndani ya seli zenyewe za mwili, na kukitoa humo kunahitaji seli nyingine, askari wanaopita nyumba kwa nyumba. Askari hao mama hawezi kumwazima mtoto. Lazima mtoto awe na wake mwenyewe.

Na anao, tena tele, isipokuwa wana adabu kupita kiasi. Miezi yote ile tumboni wamefundwa wasipigane, kwa sababu mtoto ni mgeni ndani ya mwili wa mtu mwingine, na mgeni hamgombezi mwenyeji wake. Akishazaliwa, adabu ile haimtoki siku hiyo hiyo. Zamani waliandika kwamba kinga ya mtoto mchanga ni dhaifu. Neno hilo linaniudhi. Nimekwisha kugombana na watu wazima wenye shahada zao kwa sababu ya neno hilo. Kinga ya mchanga haina udhaifu wowote, imetulizwa tu, na aliyetulizwa anaweza kuamshwa. Chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa wachanga begani inaamsha kiasi, lakini haiamshi sawasawa kwa kila mtoto wala haidumu maisha yote. Sisi tunatafuta kitu cha kuchanganya na chanjo, tunakiita kiamshi, kitakachowaambia askari wale kwamba sasa mko kwenu, simameni. Na tutakipata. Nimeziona kwa macho yangu seli za mtoto aliyezaliwa asubuhi zikiamka ndani ya kisahani jioni, zikitoa kila dalili ya kujua kazi yao, na siku ile nilitoka maabara nikaenda kujinunulia chipsi kuku kama mtu aliyefunga ndoa.

Ili kuona hivyo tunahitaji damu, na mtoto mchanga hana damu ya kugawa. Kwa hiyo tunaitafuta mahali pengine, katika kitovu na kondo la nyuma. Mtoto akishatoka na kitovu kikishakatwa, ndani ya kondo hubaki damu yake yenye seli zile zile. Unaivuta kwa sindano, hakuna anayechomwa, hakuna anayelia. Wenzangu waliotoka mjini walifurahi sana. Kwao kondo ni taka ya hospitali, kitu cha kutupwa shimoni na kufunikwa.

Huku kwetu kondo si taka. Huzikwa nyumbani, na anayelizika ni bibi wa upande wa baba, au akikosekana mama mtu mzima wa ukoo ule. Mahali lilipozikwa ndipo kwao mtu, hata aishi miaka yote Dar es Salaam. Mtoto ambaye kondo lake halijulikani liliko, wazee husema, hatatulia, atakuwa mtu wa kuhamahama. Sikuhitaji kusomea jambo hili. La kwangu lipo nyuma ya jiko la bibi yangu, na nikifika pale mpaka leo huwa napunguza sauti, kitu ambacho sikifanyi mahali pengine popote.

Basi nikaweka masharti. Kila familia itakuja na ndoo yake yenye mfuniko. Damu tutaivuta mbele ya bibi kama anataka kuona, na kondo litarudi ndooni muda ule ule, likiwa zima, liende kwao. Bosi wangu alilalamika kwamba hilo litatuchelewesha. Nikamwambia bila hilo hatutakuwa na damu, tutakuwa na semina. Alicheka, akakubali, na kinamama wakaanza kuja. Walikuja wa barabarani, wakaja na wa visiwani kwenye mikoko, kunakofikika kwa boti tu.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya masika, mvua ya kukatikakatika, tope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Nilikuwa kwenye kituo cha afya upande wa Kibiti, na alfajiri ile walijifungua wanawake wawili, mmoja baada ya mwenzake. Mmoja ametoka Mbuchi, ameletwa kwa boti jana yake. Mwingine ametoka Ruaruke, na huyu nilikuwa namfahamu, maana alikuwa amefika kliniki mara nyingi na kila mara alikaa pale nilipo.

Huyu wa Ruaruke alikuwa amezaa mara moja kabla. Alijifungulia dunguni, kile kibanda cha kulindia mpunga, msimu wa ndege, mbali na barabara. Kwetu mama na mtoto hawatoki nje mpaka arobaini ipite, na yeye alikaa ndani kama inavyotakiwa. Arobaini ilipopita mvua zilikuwa zimekata njia, baada ya mvua yakaja mavuno, na chanjo ikawa jambo la kesho. Mtoto alianza kukohoa, akaacha kunyonya, akaanza kukakamaa shingo. Kifua kikuu kilikuwa kimempanda kichwani, na hakupona. Alinisimulia haya yote bila kulia, akiwa ameshika tumbo lake la pili kwa mikono miwili, kisha akaniambia, "Huyu achanjwe kabla sijatoka hapa. Nikishaingia ndani mimi, dada, sitoki." Nilimwahidi. Nikaapa kimoyomoyo kwamba huyu hatutampoteza.

Kwa hiyo asubuhi ile nilikuwa nafuata jambo moja tu. Dawa ya chanjo ya kifua kikuu huja katika kichupa cha watoto wengi, na kikifunguliwa hakilazwi, lazima kiishe siku ile au kimwagwe. Nesi hapendi kukifungua kwa mtoto mmoja. Siku ile ilikuwa siku ya chanjo, wachanga walikuwepo wa kutosha, kichupa kingefunguliwa. Kesho yake mama wa Ruaruke angeruhusiwa, na hakuna aliyejua kama kesho kitafunguliwa kingine. Ilikuwa leo, basi.

Nilivuta damu ya makondo yote mawili, nikabandika namba kwenye mirija kabla sijaondoa mkono, nikairudisha mirija kwenye boksi, na pikipiki ikaondoka nayo kwenda maabara. Seli hai hazingoji mtu anywe chai. Makondo nikayarudisha kila moja katika ndoo yake, nikayafunika, nikaweka ndoo kwenye benchi la ukutani ambapo bibi zao wangezichukua.

Sasa sikiliza mambo ya kwetu. Bibi wa Mbuchi na bibi wa Ruaruke hawajuani hata kidogo. Lakini miezi michache nyuma kulikuwa na harusi kubwa ya watu wenye ndugu kote kote, barabarani na visiwani, na sare ya harusi ile ilikuwa kanga ya kijani yenye korosho nyekundu. Bibi wa Mbuchi alikuwepo harusini. Bibi wa Ruaruke alikuwepo harusini. Na kila mmoja, kwa kuwa kondo la mjukuu halifunikwi kwa tambara la kudekia, alikuwa amechukua kanga yake mpya nzuri kabisa akafunikia ndoo.

Boti ya Mbuchi ilikuwa inafuata maji ya bahari, kujaa na kupwa, na maji yakitoka pale huwezi kuyaambia subiri. Bibi wa Mbuchi akaingia mbio, akaona kanga yake, akabeba ndoo, akaaga, akaondoka. Mkamwana wake alibaki wodini na dada yake. Baadaye kidogo akaingia bibi wa Ruaruke. Alikuwa ametoka kumtafutia uji mke wa mwanawe. Akaweka chupa ya uji chini, akainua kanga. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Ndoo hii ya nani?"

Yake ilikuwa nyeupe, ile ya mafuta ya kupikia. Iliyobaki ilikuwa ya bluu.

Jambo la kwanza nililofanya, na silionei haya, ni kuhakikisha damu. Namba kwenye daftari langu zilikuwa sahihi. Zilibandikwa kabla makondo hayajaingia ndoo yoyote, na damu ya kila mtoto ilikuwa na namba ya mtoto huyo huyo. Utafiti ulikuwa salama. Nilipoinua kichwa kumwambia bibi hivyo, nikaona usoni mwake kwamba ningekuwa mjinga kufungua mdomo.

"Kondo la mjukuu wangu liko wapi?"

Nikamwambia ukweli. Limeondoka na boti, limekwenda Mbuchi, limechukuliwa kwa makosa na bibi mwenzake mwenye kanga kama yake. Mwanamke aliyekuwa anamnyonyesha mwanawe kitanda cha mwisho akaacha kumpigapiga mgongo.

Bibi yule alikuwa Mmatumbi wa milimani aliyeolewa Ruaruke tangu msichana, mwembamba, mrefu, na sauti yake ilipopanda ilipanda bila haraka. "Wallahi," akasema, "nyie wote hapa mashahidi. Mtoto huyu haguswi na sindano ya mtu yeyote mpaka kondo lake lizikwe nami nijue lilipo. Mmechukua damu, nimenyamaza. Mmepoteza kondo. Sasa basi!"

Nesi, aliyekuwa ameshika trei yake ya chanjo, akanitazama. Mama wa mtoto, pale kitandani, alimvuta mwanawe karibu akatazama ukuta.

Nilikasirika. Nilikasirikia kanga, nikakasirikia harusi, nikakasirikia maji ya bahari, na kwa dakika moja nilimkasirikia bibi yule kiasi cha kutaka kumwambia kwamba kisheria mwenye mtoto ni mama, na mama alishakubali, na yeye hana kauli. Ningeweza kusema hivyo. Lakini kesho mama yule angerudi Ruaruke kukaa ndani ya nyumba moja na huyu bibi siku zote za arobaini, akilishwa naye, akikandwa naye, mtoto akiogeshwa naye. Ukimshinda bibi wodini, mkamwana wake ndiye atakayelipa nyumbani. Na habari ingefika kila kijiji kabla mimi sijafika Kibiti mjini kwamba wale wa damu wanapoteza makondo.

"Bibi," nikasema, "twende Mbuchi."

"Sa' hizi?"

"Sa' hizi. Beba ndoo ya wenyewe, tuwapelekee chao, tukafuate chetu."

Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu. Akamtazama mkamwana wake muda mrefu. Kisha akajifunga kanga vizuri kichwani, akamwambia yule binti, "Kunywa uji wako ungali moto," akabeba ndoo ya bluu, akatangulia nje kwenye mvua. Mimi nikageuka kwa nesi nikamnong'oneza anisubiri na kichupa kadiri anavyoweza, nikijua hawezi.

Simu za Mbuchi hazikupatikana hata moja. Tulipanda pikipiki watu watatu, dereva mbele, bibi katikati na ndoo mapajani, mimi nyuma nikimshika bibi na bibi akiishika ndoo. Tope lilituangusha mara moja, taratibu, kwa heshima, na ndoo haikugusa chini. Bibi aliiinua juu ya kichwa wakati sisi wengine tunalala kwenye tope. Aliponiona nilivyo, meno yalimtoka.

"Nyie Wandengereko mmezoea," akasema. "Tope ndiyo godoro lenu."

"Na nyie Wamatumbi mkiona ardhi tambarare mnadhani mmepotea," nikamjibu. Ni watani wetu, na utani una kazi yake. Kuanzia pale tuliweza kuzungumza.

Tulipata boti ya wavuvi wa kamba waliokuwa wanarudi, na ndani yake, katikati ya mikoko, bibi akaniuliza damu ile tunaifanyia nini hasa. Nikamweleza kama nilivyowaeleza hapo juu, askari wenye adabu na yote. Alisikiliza akiwa amekaza macho majini. Nilipomaliza akaniuliza, "Haya, mnawaamsha. Wakishaamka, nani atawalaza?"

Nilifurahi kiasi cha kusahau mvua. Hilo ndilo swali lenyewe. Seli za mchanga zikiamshwa kwa fujo zinaweza kumuumiza mwenyewe mtoto, homa na uvimbe, na ndiyo maana hatuchukui kiamshi cha kwanza kinachofanya kazi tukakimbia nacho. Tunataka kile kinachoamsha kisha kinaacha watu wapumzike. Nikamwambia kwamba swali lake linawakosesha usingizi mabingwa.

"Basi wasilale," akasema bibi. "Wajukuu wetu hao."

Tulipofika Mbuchi tulikuta udongo umeshasawazishwa juu ya kondo. Bibi wa Mbuchi alikuwa na haraka ya kutangulia mvua, alizika mara tu aliposhuka, bila hata kutazama rangi ya ndoo, nyuma ya nyumba ya mwanawe, na juu yake akapanda mche wa mnazi kama wafanyavyo kwao. Alipotuona na ndoo ya bluu alidhani tumekosea nyumba. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaenda kuitazama ndoo aliyokuja nayo, iliyokuwa imeshaoshwa na kuanikwa ukutani. Nyeupe. Akashika mdomo. Alikuwa mama mfupi, mnene, mcheshi kwa sura, lakini saa ile hakucheka.

"Astaghfirullah. Nimemzika mtoto wa watu!"

"Hujamzika mtoto," nikasema haraka. "Mtoto mzima, ananyonya."

"Fukua," akasema bibi wa Ruaruke.

"Hakifukuliwi kilichozikwa," akasema bibi wa Mbuchi. "Hata kwenu Umatumbini hakifukuliwi."

"Nimekuja kuchukua changu."

"Nami nimekizika kwa dua. Unataka nikaitengue dua?"

Hapo mimi nikaona nafasi yangu. Nikaanza kusema kwamba labda tungechukua udongo kidogo wa pale ukapelekwa Ruaruke, na wote wawili wakanigeukia kwa pamoja, kwa mara ya kwanza wakiwa upande mmoja. "Wewe mwanangu," akasema bibi wa Mbuchi, kwa upole, "kaa pale ukutani na damu zako." Nikaenda kukaa ukutani. Si mahali ninapokaa sana.

Walibishana mpaka mvua ikakatika. Sikusikia yote, maana walianza kupunguza sauti, na wanawake wa umri ule wakipunguza sauti ujue mambo yanakwenda. Nilichosikia ni bibi wa Mbuchi akisema kwamba basi, mtoto yule kwao ni hapa pia, hakuna wa kumnyima. Mnazi ule ni wake. Akiwa mkubwa aje aangue madafu yake, na akitaka kulima mpunga atakatiwa kipande kama mjukuu yeyote wa nyumba ile. Alisema mbele ya mwanawe na mbele ya majirani waliokwisha kujaa uani, ili pasiwepo wa kukana.

Bibi wa Ruaruke alisimama pale akitazama mche. Kisha akaomba jembe. Akachimba pembeni kidogo mwa mche, si kwa kufukua, akauvuta udongo juu, akaushindilia kwa viganja vyake mwenyewe pande zote huku midomo ikicheza. Akamwagia maji. Akanawa.

"Sasa limezikwa na bibi yake," akasema. "Nimemaliza."

Kisha wote wawili wakazika lile la ndoo ya bluu upande wa pili wa nyumba, tukaletewa wali kwa kamba wa nazi, na maji yalikuwa yameshatoka kabisa, boti haipiti. Tukalala Mbuchi. Nililala vibaya. Sharti la bibi lilikuwa limetimia, alikuwa ameshasema hana neno tena, lakini kichupa kilikuwa kimefunguliwa Kibiti na kwa sasa kilikuwa kimeshamwagwa. Mama wa Ruaruke angeruhusiwa asubuhi. Nilijipanga kichwani nitakayosema kwa nesi, kwa mganga mfawidhi, kwa yeyote mwenye ufunguo wa friji. Nilikuwa tayari kupiga magoti, na mimi si mtu wa magoti.

Tulifika kituoni jua limeshapanda, nguo zetu zimekakamaa kwa tope na chumvi. Mama wa Ruaruke alikuwa amekaa kitandani, amefunga vitu vyake, mtoto amelala mapajani. Alipomwona mama mkwe wake alisimama, akakaa tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tumelizika. Lipo Mbuchi, mahali pazuri, nitakueleza." Bibi akaketi ukingoni mwa kitanda. "Sasa mwite nesi."

Yule binti akainamisha kichwa.

"Mama, nisamehe. Alishachanjwa jana. Nilimwita nesi mwenyewe. Pikipiki yenu ilipoondoka tu."

Mimi moyo ulinipasuka kwa furaha na kwa hofu pamoja. Nilijisogeza katikati yao nikiwa na maneno tayari mdomoni, kuhusu haki ya mama, kuhusu yule mtoto wa kwanza, kuhusu kichupa. Bibi akanisogeza kwa kiwiko kama mtu anayesogeza pazia. Akamchukua mtoto, akamfunua bega la kulia, akatafuta, akaona kitone kilichokwisha kukauka. Akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Pikipiki ilipoondoka?" akasema. "Umechelewa. Nilidhani utamwita kabla sijavuka mlango."

Binti akainua uso.

"Mimi nilikuwa nimeshaapa mbele ya watu," akasema bibi. "Nisingeweza kurudi nyuma. Wewe hukuapa. Unadhani kwa nini nilikubali kupanda lile pikipiki na mvua ile?" Alimfunika mtoto vizuri, akamlaza begani mwake. Sauti yake ikawa ndogo, lakini sote tuliisikia. "Yule wa kwanza aliyemwosha ni mimi, mwanangu. Wewe ulikuwa umezimia hujui kitu. Nilimwosha kwa mikono hii. Unadhani nilitaka nimwoshe na huyu?"